Anza Wewe, Mgeni

Kinyozi ndiye aliyeleta balaa, kama kawaida yake. Alifika kijiweni simu mkononi, akatusomea kuwa huko chuo kikuu kuna wanafunzi wanafanya utafiti wa michezo ya kuondoa vitu mezani, tena wana hata mashindano yao ya kirafiki. Nikauliza, mtoto wa mtu asomeshwe ili akacheze? Hapo Fundi Viatu akavimba. Mmoja wao ni mpwa wake, na akili hizo, alisema, zimetoka upande wake.

Kuvimba alikuwa na haki. Pale kibandani kwake kuna kiti kimoja tu chenye mgongo, na kanuni yetu ni kwamba anakikalia bingwa wa vizibo. Unapanga vizibo ishirini vya soda. Kila mtu kwa zamu anachukua kimoja, viwili au vitatu, na anayechukua cha mwisho ndiye mshindi. Akikufunga, amekutoa kitini. Fundi hajatoka miaka sita. Sisi wengine tunakalia makreti, na mimi mwenzenu kiuno kimekwisha.

Na ungwana wake sasa! Kila mchezo lazima akupishe: "Anza wewe, mgeni." Mgeni gani, nami niko pale kila siku iendayo kwa Mungu?

Jumamosi yule mpwa, binti wa chuo kikuu, akaja kumsalimia mjomba wake, akatukuta tunacheza. Nilichukua kimoja, Fundi akachukua vitatu. Nikachukua viwili, naye viwili. Nikafungwa. Binti akacheka.

"Mjomba, kumbe na wewe unaijua?"

"Naijua nini?"

"Vikiwa ishirini, anayeanza ameshafungwa. Akichukua kimoja, wewe vitatu. Akichukua vitatu, wewe kimoja. Kila mzunguko vinatoka vinne, na cha mwisho lazima kiwe chako."

Kinyozi akahesabu kwa vidole, akarudia, kisha akavua kofia taratibu.

"Miaka sita," nikamwambia Fundi. "Miaka sita unaniita mgeni."

Akajitetea kuwa kwao alilelewa kumtanguliza mwenzake. Nikamwambia vizuri, leo tunamtanguliza yeye. Ghafla akawa na kiatu cha haraka cha kushona.

Binti akataka kusuluhisha. Akaongeza kizibo kimoja, akasema sasa anayeanza ndiye mwenye nafasi ya kushinda. Masikini, hakutujua. Sote watatu tulinyoosha mikono kwa pamoja, vizibo vikamwagika mtaroni.

Tangu hapo vikiwa ishirini na moja tunagombana, na vikiwa ishirini tuna adabu kuliko wakwe. "Anza, kaka." "Aa, nitamtanguliaje mkubwa wangu?" Wiki ya tatu hii hakuna aliyegusa kizibo. Na kwa kanuni yetu wenyewe, asiyefungwa haondoki kitini. Fundi yuko pale anapiga mluzi, ameegemea. Mimi niko kwenye kreti.