Flashi Mbili na Jina la Gamaliel

Jumatatu, 4 Machi 2024
Yasmin, mtoto wa dada yangu, kaja Muleba kutoka chuoni Bukoba. Uso umemshuka. Mradi wake haujaanza, na mwisho ni Alhamisi. Akikosa, anarudia mwaka. Kuna programu huria inayoziwezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Linux. Yeye ametakiwa atafute programu moja ya zamani ya Windows, aijaribu humo. Nikamwambia atulie, kompyuta ya kwanza ya ofisi ya kahawa kule Kanazi niliiwasha mimi. Kweli tupu. Nilikuwa mlinzi, na mlinzi ndiye mwenye ufunguo wa ofisi.

Jumanne, 5 Machi
Nimempa flashi. Ndani kuna nini sikumwambia. Mtaalamu hasemi ovyo. (Programu ya kupimia kahawa, niliirithi ofisi ilipofungwa.) Jirani yangu Gamaliel, mwenye duka la stesheneri, naye kajipenyeza na flashi yake. Mtu hawezi kukaa kando! Yasmin kabandika plasta kwenye kila flashi, kaandika jina la mwenyewe, ili aje amshukuru kwenye ripoti. Jina langu chuoni! Mke wangu Maimuna nimemwambia mara nne.

Jumatano, 6 Machi
Yasmin kaenda sokoni. Nimejaribu flashi zote mbili kwenye laptop yake. Ya Gamaliel ni mchezo wa karata, umefunguka mara moja. Yangu? Nimeandika kilo kumi za kahawa, ikasoma tani arobaini, ikaganda. Aibu! Nimebadilisha plasta: jina langu kwenye karata, lake kwenye kahawa. Gamaliel akome.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemsindikiza chuoni. Mwalimu Mastura kafungua flashi yenye jina langu. Karata, safi. Nikakohoa, wajue nipo. Kaiweka kando. Kafungua "ya Gamaliel". Kaandika kilo kumi; tani arobaini, ikaganda. Mwalimu kavuta kiti karibu. Nikamnong'oneza kwamba huyo Gamaliel ni mzembe tangu shule.
"Mzee wangu, inayofanya kazi tuijaribu ya nini?" akasema. "Huu ubovu ndio tunaoutafuta, tujue programu yetu huria irekebishwe wapi."
Yasmin kapitishwa palepale. Kanikumbatia. Kisha kauliza namba ya simu ya Gamaliel.

Ijumaa, 8 Machi
Gamaliel kapata barua ya shukrani ya Yasmin kwenye simu. Kaisoma mara mbili, kakuna kichwa, kaichapa, kaibandika dukani juu ya bei ya fotokopi. Wateja wanamwita Profesa. Anaitika!
Yasmin kapiga simu: mwalimu anatafuta programu nyingine mbovu, kwa ajili ya mwanafunzi mwingine. Nimekwenda kwa Gamaliel kwa upole. Kanipa flashi, huku akicheka kidogo; kaapa hakuna mbovu kuliko hiyo. Plasta yake nimeing'oa kabla sijafika barabarani. Yangu nimeiandika kwa herufi kubwa.
Ndani kuna nini nitaangalia siku nyingine. Basi la Bukoba hilo linapiga honi.