Malalamiko Kuhusu Neno "Nakala" Lililobandikwa Kwenye Bendera ya Babu Enoka

Luka Sikanyika,
Chapwa,
Tunduma.

Kwa Ndugu Habibu,
Mwenyekiti wa Kamati ya Maonyesho ya Askari wa Zamani,
Tunduma.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUIVUA CHEO BENDERA YA KOMBANIA BILA MAHAKAMA YA KIJESHI

Naandika nikiwa mzima, isipokuwa presha iliyopanda tangu nitoke kwenye maonyesho yenu. Kwanza niwapongeze. Turubai lilikuwa safi, muziki ulisikika mpaka ng'ambo Nakonde, upande wa Zambia, na hotuba ya mgeni rasmi ilikuwa ndefu kiasi cha kutufanya tuielewe vita vizuri, maana na sisi tulikuwa tunasubiri iishe bila kujua lini.

Kama unavyokumbuka, mlikuja nyumbani kwangu mkiwa mmevaa vizuri, mkaomba kuazima kibendera cha kombania alichokuja nacho marehemu babu yangu, Enoka Sikanyika, kutoka Burma alikopigana akiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Niliwakabidhi kwa mikono miwili. Yaliyofuata ndiyo ninayoyalalamikia, kwa heshima zote, kama ifuatavyo:

1. Mmekibandikia kibao kinachosomeka: "Kibendera cha kombania, Vita ya Pili ya Dunia. Nakala." Nawashukuru kwa kutotumia maneno mengi. Wengine wangehitaji ukurasa mzima kuutukana ukoo, ninyi mmetosheka na neno moja. Pembeni yake mmeweka kofia ya chuma iliyoandikwa "Halisi". Sina ugomvi nayo. Ila wakazi wote wa Chapwa tuliwahi kuiona ikitumika kunyweshea kuku, na hatukujua kwamba kuku wale nao walikuwa jeshini.

2. Kibendera kile kina mikia miwili, nayo hukaa upande wa mbali na mlingoti. Ninyi mmekitundika mikia ikitazama chini, kiunoni mmekibana kwa vibanio vya nguo. Mama mmoja aliyesimama mbele yangu aliuliza kwa upole ni askari gani aliyekuwa mdogo kiasi cha kuvaa kaptula ile. Mhudumu wenu akamjibu kwamba watu wa zamani walikuwa wafupi.

3. Mtaalamu wenu, kijana Lucky. Nilipouliza kuhusu neno lile, alikuja na miwani ya kukuzia na tochi ya simu, akakipekua kibendera kwenye pindo kama daktari anayetafuta upele. Kisha akasema mbele ya watu, "Mzee, usinielewe vibaya. Kitambaa hiki na uzi wake si vya miaka ile."

Sikumwelewa vibaya. Nilimwelewa vizuri sana, na ndugu zetu waliovuka mpaka kutoka Nakonde wakiwa na suti zao walimwelewa pia. Walikuja kupiga picha na bendera ya babu. Wakarudisha simu mifukoni, wakasema wana safari.

Sibishani na elimu ya Lucky. Amesoma, na ameona bendera nyingi nyuma ya vioo. Lakini hakuwapo sebuleni kwetu. Ngoja nimsaidie.

Babu hakuajiriwa kushika bendera. Aliyekuwa akiishika alikuwa kijana wa Igamba, rafiki yake. Walipokuwa wakivuka mto kule Burma, mvua ikinyesha, risasi ikampata yule kijana. Kibendera kikaanza kwenda na maji. Babu alisema kombania nzima ilikuwa nyuma, hakuna anayemwona mwenzake kwa mvua, kila mmoja anatazama kile kitambaa tu ajue pa kukanyaga. Akakirukia. Akakishika juu mpaka wa mwisho alipotoka majini. Rafiki yake hawakumpata.

Vita ilipokwisha na vifaa vikakusanywa, babu alikwenda kwa ofisa wa Kizungu akamwuliza, "Na hiki?" Ofisa akageuza uso akatazama milima. Babu akakiweka ndani ya shati.

Tangu hapo, kila mwaka mvua za kwanza zikianguka, babu alikuwa anakitundika ukutani, anavaa koti lake zito, anasimama wima na kutaja majina ya waliobaki kule. Jina la yule rafiki wa Igamba lilikuwa la mwisho siku zote. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini haendi kwenye makaburi yao. Akasema, "Makaburi yao ni haya hapa, kwenye kitambaa." Babu alipofariki tuliendelea sisi. Ndicho hicho mlichokiita nakala.

4. Tufuate basi hoja yenu mpaka mwisho, maana ninyi ni watu wa utafiti. Kama kibendera ni nakala, mto ule haukuvukwa. Kama haukuvukwa, babu yuko bado ng'ambo ya pili anasubiri mvua ikatike. Na kama yuko kule, hakurudi kumwoa bibi, baba yangu hakuzaliwa, na barua hii unayoisoma imeandikwa na mtu asiyekuwapo. Naomba unijibu hata hivyo.

5. Wazee wa upande wa mume mtarajiwa wa binti yangu Angel wamelileta jambo hili kwenye mazungumzo ya posa. Mshenga, akiwa ameshika kikombe cha chai, aliuliza kama kuna lolote jingine nyumbani hapa ambalo ni nakala. Wote walicheka. Angel alitoka nje, na mpaka leo hataki kuzungumza habari za harusi.

Kwa hiyo naomba, tena kwa unyenyekevu, mambo madogo yafuatayo. Neno lile lifutwe. Kamati nzima ikirudishe kibendera nyumbani kwa gwaride, kwa kupita barabara kuu, wewe Mwenyekiti ukiwa mbele na ukianza na mguu wa kushoto. Usiwe na wasiwasi kuhusu malori yaliyopanga foleni kwenda mpakani, madereva wale wamezoea kusubiri mambo yasiyo na maelezo. Lucky akifika mlangoni atoe saluti, aombe radhi kwa sauti, na ombi hilo alielekeze kwa bendera, si kwangu. Mwisho, neno "Nakala" msilitupe. Libandikeni kwenye kibao cha ofisi ya Kamati yenu, litafaa.

Mkikataa, nitawaandikia watu wa serikali ya Burma waje kutoa ushahidi. Mto wanao bado.

Nisalimie wanakamati wote, mshika kipaza sauti, mama aliyeuliza kuhusu kaptula, na mwenye kofia, pamoja na kuku wake.

Ni mimi, ambaye kwa maelezo yenu sipo,

Luka Sikanyika

Nyongeza baada ya sahihi:

Kabla ya kuifunga barua hii nilimpigia shangazi yangu Elizabeti, aliyeko Igamba, nikamsomea yote ili anipe baraka. Ndiye mtoto wa babu pekee aliyebaki. Nilitegemea atacheka. Badala yake akasema, "Luka, baba, usiipeleke."

Ameniambia kwamba siku ya msiba wa babu, baba yangu na ndugu zake walikuwa uani wanagombea kibendera, karibu washikane. Yeye alikuwa ndani na marehemu. Babu alikuwa amemwomba asimwache aende peke yake, bila wenzake. Basi shangazi akakikunja kibendera, akakiweka kifuani kwa babu chini ya shuka, jeneza likafungwa. Baada ya mazishi akanunua kitambaa cha kijani dukani, akakata, akashona, akakichovya kwenye chai na kukining'iniza juu ya moshi wa jiko mpaka kikazeeka. "Nikawapa mgombanie hicho," amesema. "Lakini mkaacha kugombana, mkaanza kukisimamia. Ningesema nini tena?"



Kwa hiyo Lucky yuko sahihi, na nitamwambia hivyo mwenyewe. Gwaride limeahirishwa. Angel nimemweleza, amelia, kisha akaomba shangazi ndiye amshonee gauni la harusi. Neno lenu libaki pale lilipo, ila kibao kina upungufu. Naomba kisomeke hivi:

"Nakala. Imeshonwa na Elizabeti, binti wa Enoka. Ile halisi anayo Enoka mwenyewe."