Jenerali Anauzwa Kanisani

Alhamisi, 6 Machi
Kiarie amenichafulia jina tena! Jirani gani huyu! Leo amewaambia watu pale steji ya 56 eti Jenerali ni nguruwe wa kawaida aliyepakwa oili chafu. Jenerali! Dume wangu wa mbegu adimu, mweusi tititi, masikio yamemfunika macho. Mwenzake sijamwona Nairobi nzima. Sasa hakuna anayeleta jike kwangu apandwe. Wote wanakwenda kwa madume weupe wa Kiarie. Nimekataa chakula cha jioni kwa hasira. Baadaye nimekula.

Ijumaa, 7 Machi
Dawa yake nimeipata. Jumapili kanisa lina mnada wa kuchangia paa. Nitamtoa Jenerali sadaka. Mpangaji wangu Oyoo nitampa pesa zangu kisiri, apandishe bei mpaka Kiarie atokwe jasho, kisha anirudishie dume wangu. Sifa zikienea, watu wataleta majike hata kutoka mtaa wa Raila. Mke wangu Waruguru ameuliza pesa nimetoa wapi. Nimemwambia asinisumbue. Ni za kurekebisha choo cha wapangaji. Choo kinaweza kungoja.

Jumapili, 9 Machi
Sitaki kuongea na mtu.

Mambo yalianza vizuri. Oyoo akapandisha, Kiarie akapandisha, Oyoo akapandisha tena. Kiarie kimya! Kanisa zima likasimama, makofi, vigelegele, pasta akamkumbatia Oyoo. Hapo ndipo mjinga yule akalewa sifa. Nadhani hajawahi kupigiwa makofi tangu azaliwe. Machozi yakamtoka, akanyanyua mkono: "Pasta, huyu nguruwe mimi narudishia kanisa. Auzwe tena!"

Auzwe tena! Nguruwe wangu! Nilitaka kupiga kelele, lakini ningesema nini mbele ya watu? Pesa zangu zote zilikuwa kwenye kapu la sadaka. Wengine nao mifuko ilishakauka. Kiarie akamchukua Jenerali kwa bei ya kuku wawili. Waruguru alipiga makofi. Nilimwona!

Jumatatu, 10 Machi
Nimemfokea Oyoo mpaka sauti imenikauka. Anasema Roho alimgusa. Halafu, bila haya, akaniuliza choo kitarekebishwa lini.

Jumatano, 12 Machi
Foleni ya majike mlangoni kwa Kiarie! Mwizi yule anawaambia watu kwamba Jenerali ni mbegu adimu, na bei anayotaja ni ile ya Oyoo. Nimempeleka jike wangu. Kiarie akasema nipange foleni kama wengine, na watoto wakizaliwa, yeye ndiye achague kwanza. Nikamgeuza jike niondoke. Nikapanga foleni.

Alhamisi, 13 Machi
Pasta ametangaza kwamba pesa za paa hazijatosha. Mnada mwingine Jumapili! Nitamtoa jike sadaka. Bei yake itamnyamazisha Kiarie milele. Kosa langu lilikuwa Oyoo tu, mtu asiyejua makofi. Safari hii nimempata Osewe wa kwaya, ambaye makofi ameyazoea. Pesa ya maji ya wapangaji bado sijaigusa.