Poda, Soksi za Nailoni na Kanga wa Baba Mkwe

Jumatano, 3 Julai

Baba mkwe kanialika kuwinda. Siku tatu porini! Kosa ni langu. Miaka tisa iliyopita, siku ya posa, aliniuliza kama nimewahi kushika bunduki. Kwa kiherehere changu nikajibu kwamba ujanani niliwamaliza nguruwe mwitu wa wilaya nzima. Ukweli: mimi ni fundi cherehani. Silaha pekee niliyowahi kushika ni sindano, na hata hiyo hunidunga.

Mwanyumba wangu naye anakwenda, yule mwenye bucha aliyemwoa dada wa mke wangu. Ana mikono kama magogo na bunduki yake mwenyewe yenye kibali. Hanizidi! Yeye ana nguvu, mimi nina akili. Nimepata makala kwenye gazeti kuukuu nililokuwa nikikatia ruwaza za magauni: mbinu za nyumbani kwa wawindaji. Soksi ndefu za nailoni, zile za akina mama, huzuia kupe. Pedi ndani ya buti hunyonya jasho. Pamba iliyopakwa mafuta ya mgando huwasha moto hata kuni zikilowa. Poda ndani ya chupa ya plastiki: unabinya, inatoka kama moshi, unajua upepo unaelekea wapi.

Nimebeba soksi za mama watoto, pakiti mbili za pedi, na poda ya mtoto. Sijamwambia. Atajua nitakaporudi na nyama, na mwenye nyama haulizwi maswali.

Alhamisi, 4 Julai

Tumefika. Mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nailoni na jua havipatani; mapaja yanawaka kama nimekalia jiko. Pedi zimejikunja ndani ya buti, natembea kama bata. Mwenye bucha akauliza kama nina jipu. Nikamwambia huu ni mwendo wa kunyatia. Baba mkwe akaitazama miguu yangu, akaendelea kutembea.

Jioni mvua, kuni zikalowa chapachapa. Mwenye bucha akapuliza mpaka macho yakawa mekundu. Nikatoa pamba yangu. Njiti moja tu, moto! Baba mkwe akanipiga bega, akasema, "Kumbe!" Miaka tisa nimelisubiri neno hilo. Nikavimba. Kisha nikagundua kwamba mafuta ya pamba zilizobaki yameyeyukia mfuko wa nyuma na suruali ina doa mahali pabaya kabisa. Nimeuzunguka moto kinyumenyume mpaka wenzangu walipoingia hemani.

Ijumaa, 5 Julai

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi tuliwaona kanga, si za kuvaa, wa porini, kumi na wawili, wakichakura kando ya korongo. Baba mkwe akatambaa. Mzee wa miaka sabini na miwili, mpima ardhi mstaafu, kwa magoti na viwiko, karibu saa nzima! Mimi ubavuni mwake. Akalenga. Nikaona nimsaidie kujua upepo. Nikabinya.

Upepo ulikuwa unamwelekea yeye.

Chafya tatu. Ya kwanza, kofia ikaruka. Ya pili, kanga wakaruka. Ya tatu, bunduki ikalia, risasi ikaenda mbinguni. Akageuka, uso mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, macho mawili tu yananitazama. Akauliza kwa upole harufu hiyo ya mtoto mchanga imetoka wapi. Nikasema sijui. Chupa iko mkononi mwangu! Nikasema sijui.

Baadaye mwenye bucha akanivuta pembeni. Nilingoja anicheke. Hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaniambia mzee ana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Mwisho wa mwezi anarudisha bunduki na kibali. Amemwahidi mama mkwe kanga mmoja, wa mwisho wa mkono wake. Mwenye bucha hata bunduki yake hajaitoa kwenye mfuko. Amekuja kumwelekeza mzee shabaha, basi. Na mimi nilidhani tunashindana!

Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 6 Julai

Baba mkwe ameteleza korongoni akiwatafuta kanga walewale. Goti limechanika, damu inachuruzika, kifundo cha mguu kimevimba. Mwenye bucha, mtu wa kuchinja kila alfajiri, akageuza uso. Damu ya baba mkwe ilimshinda. Mashati yetu tope tupu. Nilijua nina nini cha kumfungia. Nikatafuta kichaka cha kujificha. Hakikuwepo.

Nikavua suruali mbele ya baba mkwe. Mkwe! Soksi za kike hadi kiunoni, zimetoboka gotini. Nikazivua nazo. Pedi safi ikazuia damu, nailoni ikabana kifundo. Mikono ya fundi angalau inajua kufunga.

Nilikuwa bado nimepiga magoti alipoongea.

"Mwanangu, wewe hujawahi kuwinda hata panya."

Nikaanza kumweleza habari za nguruwe. Akanyanyua mkono.

"Nilijua siku ileile ya posa. Mwindaji husimulia waliomponyoka. Wewe hakukuponyoka hata mmoja."

Nikamuuliza, basi baba, uliniitia nini.

"Kila nikija kwako unakimbilia chumba cha nyuma, unajifanya una nguo za watu za kumaliza. Nilitaka siku tatu mahali pasipo na chumba cha nyuma."

Nikainama. Nikakaza fundo lililokuwa limeshakazwa.

Jumapili, 7 Julai

Tumerudi bila kanga. Tulimbeba mzee kwa zamu. Zamu za mwenye bucha zilikuwa ndefu kuliko zangu. Mama mkwe akamfungua kifundo, akaiangalia nailoni, akamwangalia binti yake, mke wangu. Binti akaniangalia mimi. Baba mkwe akadakia kwamba kanga walikuwa wajanja mno mwaka huu. Hakutaja poda. Laiti angetaja!

Nyumbani mama watoto hakupiga kelele. Akasema tu kwamba soksi zile alikuwa amezitunzia harusi ya binamu yake Jumamosi ijayo. Na kwamba juzi ilibidi agonge kwa jirani kuomba pedi, na aliyefungua mlango alikuwa mume wa jirani. Sikuwa na pa kuweka uso. Nimefua, nimepiga deki, nimeomba radhi. Nimeapa mkono juu: uongo basi, kuchukua vya watu basi.

Jumatano, 10 Julai

Baba mkwe katuma ujumbe. Kwa kuwa mguu hauwezi pori, ananialika ziwani mwezi ujao, tukae kwenye mtumbwi tu, tuzungumze. Ameandika kwamba sihitaji kujua chochote. Nikausoma mara tatu kwa furaha. Nilitaka kujibu, "Asante, baba." Vidole vikaandika vyenyewe kwamba aje bila wasiwasi, kwani kijana huyu aliwahi kuogelea ziwa zima, kwenda na kurudi, kabla ya chai.

Mimi majini huishia kwenye vifundo vya miguu. Lakini si neno. Nimeshafumua mito miwili ya kochi, nashona fulana ya kuelea. Sponji ni nyepesi kama manyoya, na kitu chepesi hakizami.