Uzinduzi wa Kituo cha Kupokea Betri Zilizokwisha

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuma mwakilishi. Mwakilishi wa mwakilishi, karibu sana na kiti chako ni kile chenye kitambaa. Wajumbe wa Kamati ya Betri, wajumbe wa Kamati Ndogo ya Betri Ndogo. Mkuu wa Usafi, Msaidizi wa Mkuu wa Usafi, na ninyi mnaofagia. Sista Mkuu wa zahanati iliyo hapa ng'ambo ya barabara, ambaye naona amesimama mlangoni ingawa viti vipo. Fundi redio wetu. Wenye maduka, walimu, wazazi, mabibi na mabwana. Na kwa namna ya pekee kabisa binti yangu, mzaliwa wangu wa kwanza, ambaye amekuja kumsikiliza baba yake akiwa na mjukuu wangu tumboni, na daktari amesema ni wiki hii hii: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mwakilishi wa mwakilishi anasimama, anapunga mkono, anakaa.)

Mimi, kama Mkurugenzi wa Idara ya Mazingira Safi, Nishati Ndogondogo na Mambo Mengine Yanayofanana na Hayo, ninayo furaha isiyo kifani kusimama leo mbele ya pazia hili jekundu, ambalo nyuma yake kipo, kwa maana pana ya neno kuwepo, Kituo cha Kisasa cha Kupokea, Kutunza na Kusafirisha Betri Zilizokwisha, matunda ya mchakato shirikishi, endelevu na jumuishi uliofuata rodimapu ya miezi kumi na sita bila kuyumba hata siku moja, isipokuwa zile siku tulizoyumba.

Mtakumbuka kwamba nilitoa waraka nikiagiza kila kaya, kila duka na kila shule ilete betri zake zilizokwisha, na mwitikio wenu ulifikia asilimia mia moja na kumi na nane, takwimu ambayo wataalamu wangu waliirudia kuihesabu mara mbili na ikapanda. Magunia arobaini na moja! (Makofi.) Na kwa kuwa kituo kilikuwa mbioni, niliagiza magunia hayo yahifadhiwe kwa muda wa wiki mbili tu katika chumba cha kujifungulia cha zahanati, kwa sababu siku tulipokwenda kukikagua tulikikuta kitupu, hakina mtu yeyote anayejifungua.

(Sista Mkuu, kutoka mlangoni: "Mheshimiwa, magunia yangu yanaondoka leo?")

Swali zuri sana, Sista, na nakupongeza kwa uvumilivu wako, maana barua zako tisa zote tumezipokea, tukazigonga muhuri na kuzifungulia faili lake lenyewe, jambo ambalo si kila mtu hulipata. Ni kweli umeandika kwamba magunia ya chini yametoa majimaji. Ni kweli kwamba mama anayefagia zahanati aliyapangusa kwa mkono mtupu na ngozi ya vidole ikababuka, na Idara inampa pole ya maandishi. Na ni kweli kwamba wajawazito sita wamejifungulia koridoni. Lakini tuwe wakweli na data, ndugu zangu: wote sita walijifungua. Na koridoni pale mimi mwenyewe nimepita, kuna hewa ya kutosha. (Mtu mmoja anakohoa.)

Sasa tuingie kwenye elimu kwa umma. Betri ya alkali ni nini? Kitaalamu, betri ni kopo lililojazwa umeme kiwandani, kama mtungi unavyojazwa maji, na ukiwasha tochi ni kama umefungua bomba. (Fundi redio anatikisa kichwa.) Fundi, naona unatikisa kichwa, simama useme, Idara hii ni sikivu. (Fundi redio anasimama, anafuta mikono kwenye aproni. Anasema hakuna umeme uliojazwa mle. Katikati ya betri kuna unga wa zinki, pembeni kuna unga mweusi wa manganizi, na kati yao kuna kitambaa chembamba kilicholowa alkali, maji makali yanayofanana na dawa ya kuzibulia mabomba ya choo. Ukiwasha tochi, zinki inaanza kuliwa, na katika kuliwa huko inasukuma umeme utoke nje, upite kwenye taa, urudi kwenye ule unga mweusi. Zinki ikishaliwa, betri imekwisha, na hayo maji makali ndiyo yanayovuja baadaye. Anakaa.)

Ahsante. Ndivyo nilivyosema, ila wewe umetumia maneno mengi.

Idara yangu haikulala usingizi wa pono. Jaribio la Kwanza la Kitaalamu: tulianika betri mia tisa juu ya bati la ofisi ili zirudi kuwa mpya, na kwa siku tatu mfululizo matokeo yalitia moyo pande zote, isipokuwa upande wa betri. Jaribio la Pili: Kamati Ndogo ilipendekeza zichomwe, na hapa naomba nimtambue mlinzi wetu, simama ndugu, aliyejitolea kuwasha kibiriti. (Mlinzi anasimama. Hana nyusi. Kicheko.) Msimcheke, zitaota. Tulijifunza kwamba betri ikipata moto hupasuka, na somo hilo tumeliingiza kwenye ripoti chini ya kichwa cha mafanikio.

(Kipaza sauti cha mkononi kinakoroma, kisha kinanyamaza.)

Haloo? Haloo? Katibu muhtasi wangu, hebu tufanyie folo-apu hapa. Weka mbili mpya, zile nne ziache, bado zina moyo. (Fundi redio anasema kitu.) Fundi ananiambia kwamba hairuhusiwi kuchanganya mpya na kuukuu, eti zilizochoka zinalazimishwa kufanya kazi mpaka zinavuja, na zile mpya nazo zinachoka kabla ya wakati. Fundi, hapa Idarani tunachanganya wapya na wakongwe kila siku, na hakuna aliyevuja. (Kicheko kutoka safu ya wakongwe.) Haya, mnanisikia? Mnanisikia vizuri. Tuendelee.

Kwa hiyo, baada ya mashauriano ya kina na wadau, kwa maana ya fundi huyu huyu, Idara imetoa Mwongozo, na nausoma kama ulivyo: betri iliyokwisha isichomwe, isitobolewe, isitupwe mtaroni wala karibu na kisima, na isiwekwe kwenye chaja kama si ya kuchaji, ikivuja isishikwe kwa mkono mtupu, na aliyeguswa na maji yake anawe kwa maji mengi papo hapo, ncha zake zibandikwe selotepu ili zisigusane, ziwekwe kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, mahali pakavu, penye ubaridi, pasipo jua, mbali na watoto, mlango ufungwe kwa ufunguo, mpaka zitakapochukuliwa na kiwanda kinachotenganisha zinki na chuma vitumike tena. Mkitaka mfano wa mahali pa hadhi hiyo, tazameni ofisi yangu, hapo mlango wa pili. Ina vigae kutoka ukuta hadi ukuta, ina kiyoyozi, ina mapazia mazito, ina mlango wenye kufuli mbili, na kutokana na safari zangu za kikazi, siku nyingi haina mtu. (Fundi redio anaandika kitu kwenye kipande cha boksi.)

(Binti wa Mkurugenzi anashika kiuno kwa mikono miwili, anainama. Sista Mkuu anapenya katikati ya viti, anamshika mkono, wanatoka taratibu.)

Naona hotuba imemgusa binti yangu. Ndivyo alivyo huyu, tangu mdogo machozi yake yako karibu. Mpisheni njia.

Nizungumzie sasa impakti. Katika awamu ya kwanza tuliunda kamati. Katika awamu ya pili kamati ilikwenda kujifunza kwa wenzetu, ikajifunza siku tisa, na ikarudi na picha. Katika awamu ya tatu tulifanya semina ya kujenga uwezo, na uwezo ukajengeka kiasi kwamba ilibidi tufanye nyingine. Katika ripoti zangu nne za maendeleo, kituo kilikuwa kimekamilika kwa asilimia arobaini, sitini, themanini na tisini na tano, na sidhani kama kuna jengo lolote katika historia ya Idara hii lililopanda kwa kasi hiyo bila kumkosesha jirani usingizi kwa kelele za nyundo. (Makofi machache.) Wapo wanaopita mitaani wakisema kwamba hawajaona tofali. Hao ni wale ambao hata ukiwapa...

(Kipaza sauti kinanyamaza kabisa. Mkurugenzi anakitikisa, anakipiga kwa kiganja, anakiweka mezani. Kuanzia hapa anasema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ni ndogo kuliko watu walivyodhani.)

Sogeeni karibu. Dereva wangu, mbona unahema, nini? Sema kwa sauti tu, hapa hatuna siri na wananchi. (Dereva anasema kwamba binti ameshikwa na uchungu, yuko zahanati, na Sista amemlaza kwenye benchi la koridoni.) Benchi? Kwa nini benchi, chumba si kipo? (Dereva anasema chumba kimejaa.) Kimejaa nini?

(Dereva anatazama viatu vyake: "Betri zako, mzee.")

Sawa. Sawa, hilo ni suala la kiutendaji, nalitolea uamuzi hapa hapa: magunia yote arobaini na moja yatolewe mle chumbani sasa hivi, chumba kioshwe kwa maji mengi, na magunia yapelekwe kituoni. Haya, wanaume, mnangoja nini, nendeni. (Wanaume kumi na wawili wanasimama na kukunja mikono ya mashati. Muuza mbao anauliza: "Tuyapeleke kituo kipi, mheshimiwa?") Kituo gani tena, hiki hiki tunachozindua!

(Anavuta pazia. Nyuma ya pazia kuna ukuta. Ukutani umechorwa jengo zuri la ghorofa moja, lina mlango wa bluu, madirisha manne na watu wakitabasamu huku wamebeba betri. Muuza mbao anasogea, anashika kitasa cha mlango. Kidole chake kinatoka na rangi ya bluu, haijakauka. Hakuna anayecheka.)

Ndugu zangu.

Ndugu zangu, kuna karatasi nyingine kumi na moja hapa, zina takwimu, na sitazisoma. Yule binti yangu aliyeko pale benchini alizaliwa katika chumba kile kile. Mimi nilisimama nje ya dirisha tangu asubuhi mpaka saa kumi, nikisikiliza, na mkunga aliponiita nikamkuta mama yake amelala kwenye kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe, na sakafu safi hata unaweza kulia chakula juu yake. Nilipoagiza magunia yawekwe mle sikukumbuka hilo. Naogopa, jamani. Mwenye mahali anisaidie, hata kama ni kwa nusu saa tu.

(Fundi redio anasimama na kile kipande cha boksi. Anasoma alichoandika, neno kwa neno, bila kuongeza lake: "Pakavu. Penye ubaridi. Pasipo jua. Mbali na watoto. Kufuli mbili. Siku nyingi hapana mtu.")

(Watu wote wanamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi anatia mkono mfuko wa koti, anautoa mtupu, anatia mfuko wa pili.)

Ufunguo mkubwa ni wa kufuli ya juu. Ule mdogo unakwama, uuvute kidogo kwako ndipo uuzungushe. Zulia likunjeni, mafaili yatieni popote, faili la Sista mpeni mwenyewe. Na vaeni glavu, mwambieni mama anayefagia awape za mpira, baada ya kubabuka sasa anazo. Magunia yanayovuja msiyaburute, yatieni kwenye yale mapipa ya plastiki tuliyonunua kwa ajili ya semina. Nendeni, nendeni, mimi nitamalizia na waliobaki. (Ukumbi unamwagika nje. Wanabaki mwakilishi wa mwakilishi, katibu muhtasi, mlinzi asiye na nyusi, na Mkurugenzi.)

Basi, kwa mamlaka niliyonayo, na kwa kuwa ratiba inataka kaulimbiu, naomba tuitikie sote wanne. Betri iliyokwisha! (Mlinzi: "Kituoni!") Mazingira safi! (Mlinzi: "Kituoni!") Hapana, hapo unasema "jukumu letu", lakini haidhuru. Katibu, andika kwenye kumbukumbu kwamba kituo kimefunguliwa leo, kina vigae na kiyoyozi, na kimepokea magunia arobaini na moja siku ya kwanza, jambo ambalo halijapata kutokea.

Imebaki shukrani. Namshukuru mchora mabango, ambaye tulimwita jana mchana na akamaliza jengo zima kabla ya giza, mkandarasi pekee katika mradi huu aliyefanya kazi. Namshukuru fundi kwa kunisikiliza vizuri kuliko nilivyojisikiliza. Namshukuru Mgeni Rasmi kwa kutokuja. Na nawashukuru ninyi nyote, mlioko na mliokwenda kubeba, kwa kuhudhuria uzinduzi wa kituo ambacho mpaka dakika chache zilizopita hakikuwa na kiwanja, wala msingi, wala tofali, na ambacho asilimia zake zote tisini na tano nilizijenga mwenyewe kwa kalamu, juu ya ile meza mnayoisikia ikiburutwa huko.

(Dereva anarudi, anachungulia mlangoni.) Dereva, kimbia kabla hawajakitupa: chukua kiti changu kile cha ngozi, uvuke nacho barabara, ukamkalishe binti yangu mpaka sakafu ikauke. Mimi usiniletee kiti. Nitasimama hapo koridoni, nimesikia kuna hewa ya kutosha.