Abiria: Hakuna

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Gari langu la michezo linabadilishwa springi na shokapu, pembe zote nne. Jumamosi uwanja wa mbio unafunguliwa kwa wenye magari binafsi, na kaka yake mke wangu, shemeji mwembamba mwenye mdomo mpana, ameshajiandikisha. Mara ya mwisho alinipita kwa sekunde tatu na nusu. Tatu na nusu! Mimi niliyeanza na mwiko mmoja na ndoo ya kuazima, leo nina duka la vigae lenye milango miwili. Siwezi kupitwa na mtu ambaye ukuta wa sebule yake niliupima mwenyewe, nikaukuta umepinda, nikanyamaza kwa heshima.

Mke wangu ameuliza habari za Jumapili. Kila Jumapili alasiri tunakwenda hadi darajani, yeye kiti cha pembeni akimenya chungwa kwa kisu, halafu tunarudi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Gari litafaa kote, barabarani na uwanjani.

Jumanne, 4 Machi
Kwa fundi springi. Mzee wa spana chache na maswali mengi. Kabla hajagusa boliti aliuliza nina uzito gani. Nikasema sabini na nane. Ndio uzito wangu. Ulikuwa hivyo siku ya harusi, na sijapata barua ya kuubadilisha. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akarudi juu, akaandika 78. Kisha akauliza pembeni anakaa nani. Nikaifikiria Jumamosi, nikasema hakuna. Akaandika: Abiria, hakuna. Nikatia sahihi.

Kwenye kiti changu akalaza mfuko wa saruji wa kilo hamsini na ndoo ya mchanga wa kilo ishirini na nane, akaanza kulisawazisha gari juu ya mizani nne. Niliona haya kidogo kuwakilishwa na saruji. Ila ilikaa vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Limeshuka milimita thelathini na tano! Nikaweka pima maji juu ya paa: kiputo katikati kabisa. Nikaingia, nikakaa. Sikupima tena. Hakukuwa na haja.

Kila shokapu ina kidude cha kukaza, na kila hatua inalia tak. Fundi aliacha tak nane. Nikaongeza hadi kumi na nane. Kama nane ni nzuri, hesabu iliyobaki mtu yeyote anaiweza.

Nikamwomba mke wangu twende darajani, ingawa si Jumapili, aonje utamu. Tuta la kwanza alishika mlango. La pili akanitazama. La tatu kisu kikateleza kwenye chungwa, kikamkata kidole gumba. Kidogo tu! Nikampa kitambaa cha kufutia vioo. Akitafuta plasta kwenye droo ya mbele akaikuta karatasi ya fundi. Akaisoma mara mbili. Akasema, kwa ile sauti ya chini nisiyoipenda, kwamba miaka ishirini na sita yote amekuwa akidhani amekaa hapa. Akashuka. Akampigia kaka yake simu aje amchukue.

Jumamosi, 8 Machi
Uwanjani. Kona za kulia, raha tupu. Kona za kushoto, tairi la mbele kulia linasaga fenda, moshi na harufu ya mpira. Dakika mbili na sekunde tisa. Shemeji na gari lake: mbili na sita. Kisha akaomba kulijaribu langu. Nikashuka. Akazunguka mara mbili, tairi halikugusa chochote. Mbili na nne! Akarudi, akafunga mlango wangu polepole kama mali yake, akasema mbele za watu: “Gari halina tatizo, shemeji. Tatizo ulishuka nalo.” Wakacheka hadi washika bendera. Nina hakika aliendesha kwa kuegemea kushoto.

Jambo moja limenikaa. Kila kona, mkanda wa kiti cha pembeni ulikuwa unagonga mlango. Sijawahi kuusikia. Siku zote umefungwa.

Jumapili, 9 Machi
Saa tisa alasiri shemeji alikuja kumchukua mke wangu kwenda darajani. Gari lake la nyumbani, springi kama godoro. Machungwa manne yakaenda nao. Nikabaki barazani, nikapiga hesabu. Jumapili hamsini na mbili kwa mwaka, mara miaka sita tangu watoto wahame, toa za mvua na za misiba: mia mbili themanini na tatu. Nilipokuwa nazo sikuwahi kuzihesabu. Nilikaa na namba hiyo hadi waliporudi. Alipita moja kwa moja ndani.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemfuata jikoni, nikamwomba radhi. Nikasema nakwenda kwa fundi kurekebisha karatasi. Akasema twende wote.

Fundi akatoa karatasi mpya, akamuuliza mke wangu uzito wake. Sabini na moja na gramu mia mbili, bila kupepesa. Abiria: mke, 71.2. Fundi akanigeukia, akauliza kama wangu ni ule ule. Mizani ilikuwa pale pale, hatua mbili. Mke wangu akatazama dari. Nikatafakari kwa uaminifu. Tangu Alhamisi nimekula kidogo, kwa huzuni.

Nikasema sabini na sita.

Jumapili, 16 Machi
Darajani, tak nane. Mke wangu amemenya chungwa zima bila ganda kukatika, akalitundika ganda hilo kwenye kioo cha kati, akacheka. Sijui kama kuna sekunde za uwanjani ninazoweza kubadilisha na kicheko kile.

Ila kona za kushoto tairi langu bado linasaga fenda, leo zaidi kidogo. Upande wake, kimya kabisa! Fundi yule anabahatisha. Kesho natafuta mwingine, anayeheshimu vipimo.