Mjukuu Asiyejua Kutunza Siri

Jumatatu, 14 Julai

Redio imemtaja Pendo tena! Yule binti wa Kinole, mbunifu wa roboti. Jumamosi anakuja Morogoro kuonyesha mashine yake na kusimulia alivyoanza. Nimeruka kwenye kiti, chai yote imeishia kwenye suruali.

Sababu ni hii. Tangu mwaka jana nawaambia watu wote wa Kihonda kwamba mimi, Mzee Laurenti, fundi redio, ndiye niliyemfundisha. Padri anajua. Mwenyekiti wa mtaa anajua. Nimetundika hadi kibao mlangoni: HAPA NDIPO ALIPOANZIA.

Ukweli ninao mimi na shajara hii. Mwaka 2008 alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, anakaa kwa shangazi yake jirani yetu. Aliomba kujifunza ufundi, nikampokea. Siku ya tatu nikamfukuza. Basi. Kwani siku tatu si siku?

Akipanda jukwaani asinitaje, nimekwisha. Na wa kwanza kucheka atakuwa Dadi, fundi wa ng'ambo ya barabara, mwizi aliyeniibia mita yangu ya kupimia umeme mwaka huohuo. Miaka kumi na saba hatusalimiani.

Jumanne, 15 Julai

Mungu si Athumani! Vipaza sauti vya ukumbi wa onyesho vimeharibika na nimeitwa mimi. Pendo mwenyewe yuko Kinole kwa mama yake mpaka Jumamosi. Nimempata Rogers, mhandisi wake. Kanipa kikaratasi cha ratiba, akanisihi nikisome. Kikaratasi kizuri, kigumu. Nimekikunja mara nne nikakiweka chini ya mguu wa meza ya dukani. Meza imeacha kuyumba, mara ya kwanza tangu Pasaka.

Halafu nikaiona roboti. Loo! Inanifika kifuani, macho yanang'aa, na jina lake Mjukuu kwa kuwa inamwamkia kila mtu. Ikanigeukia ikasema shikamoo. Nywele zilinisimama. Nikanyamaza. Ikanitazama, ikarudia shikamoo. Rogers akasema haitafanya lolote mpaka niitikie. Nikaitikia marahaba. Kwa mashine! Mama yangu huko aliko sijui ananifikiriaje.

Jumatano, 16 Julai

Rogers kanieleza kwamba Mjukuu hujifunza kwa kusikia. Mkulima wa mlimani akimweleza ugonjwa wa pilipili manga, anaushika, kesho anamweleza mwingine. Chochote anachoambiwa anakishika.

Chochote! Ilibidi nikae kitako.

Rogers alipokwenda kula, nilimwinamia Mjukuu sikioni. Sikio sikuliona, nilichagua pembe moja ya kichwa. Nikamwambia polepole kwamba mwalimu wa Pendo ni Mzee Laurenti. Mara kumi. Nikasikia hatua za Rogers, nikamwambia tunyamaze, huyo anarudi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemfundisha tena. Leo nimeongeza chumvi kidogo, kwamba Pendo alilia siku alipoondoka kwangu. Na kweli alilia.

Huyu Mjukuu ni msikivu kuliko mtu yeyote nyumbani kwangu. Hakatizi. Hapigi miayo. Sijui ilikuwaje, nikajikuta nimemweleza hata ile habari ya redio ya mwenyekiti, ambayo sijawahi kumwambia mtu, hata wewe shajara. Nikamwonya asimwambie mtu. Akasema ameelewa. Heshima iliyoje!

Ijumaa, 18 Julai

Makubwa haya! Dadi naye kaletewa kadi ya mwaliko. Nimemuuliza mke wangu Judith tangu lini wezi wanaalikwa. Akasema yeye anapika. Nikamwambia kesho avae kitenge chake kile kizuri, aje aone mumewe anavyotukuzwa. Akasema anayo kadi yake mwenyewe tangu Jumanne. Sikumuuliza kaipata wapi. Nilikuwa napiga pasi suti.

Jumamosi, 19 Julai

Sina hamu ya kuandika. Nitaandika hivyohivyo.

Ukumbi ulijaa pomoni. Pendo aliniamkia mlangoni, kwa magoti kidogo. Nikajua mambo yamejipa. Alizungumza dakika arobaini. Mashine yake ya kufukuza ngedere kwenye migomba ya mama yake. Mashine ya kuchambua machungwa. Miaka yake ya masomo ughaibuni. Akasema mashine za kesho zitakuwa na akili na tabia za wanaozifundisha, kwa hiyo kila mtu aangalie anazifundisha nini. Nilipiga makofi kuliko wote. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa nangoja jina langu.

Jina halikuja! Jasho likanitoka. Akamleta Mjukuu, akasema tumuulize tunalotaka. Mtu mmoja wa safu ya tatu akauliza mwalimu wa Pendo ni nani. Mtu huyo ni mimi, nimeziba mdomo kwa leso.

Mjukuu akasema shikamoo. Ukumbi mzima, marahaba! Akakohoa. Kikohozi changu! Akasema mwalimu wa Pendo ni Mzee Laurenti. Nikasimama, nikainama kupokea makofi.

Akaendelea.

Akasema Mzee Laurenti alimfukuza Pendo siku ya tatu, kwa sababu mtoto alitengeneza kwa dakika kumi redio ya mwenyekiti iliyomshinda mzee wiki mbili, na mzee akachukua sifa. Akasema hili usimwambie mtu. Akasema tunyamaze, huyo anarudi.

Mungu wangu! Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa safu ya mbele. Mimi nilikuwa bado nimeinama, na sikuona sababu ya kuinuka.

Pendo hakucheka. Alichukua kipaza sauti nilichokitengeneza mimi, kilisikika vizuri mno, akasema ni kweli tupu, siku ile alilia njia nzima. Lakini kesho yake, kwenye jalala la nyuma ya duka, alikuta mfuko umewekwa juu ya taka. Ndani mlikuwa na vipuri vizima na mita ya kupimia umeme. Akasema bila mita ile leo angekuwa mtu mwingine. Akamwomba aliyeiweka asimame.

Nikamtazama Dadi. Dadi akanitazama mimi.

Akasimama Judith.

Judith! Mke wangu wa ndoa! Katika kitenge kile kizuri!

Jumapili, 20 Julai

Sijala. Nimekitoa kikaratasi chini ya meza. Kimeandikwa wazi tangu Jumanne: mgeni wa heshima, Mama Judith wa Kihonda, mwalimu wangu wa kwanza. Meza imeanza tena kuyumba.

Nimemuuliza Judith kwa nini alinificha miaka kumi na saba. Akasema hakunificha. Alikuwa anangoja siku nitakayouliza yule mtoto niliyemfukuza alifikia wapi, aniambie yote. Sikuuliza. Nimeumia. Hili linauma kuliko kicheko cha ukumbi mzima.

Akaongeza kwamba kesho asubuhi, kabla ya chai, niende kumwomba Dadi radhi.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda kwa Dadi. Nimemwambia nimemsamehe. Hakushukuru hata kidogo! Watu wengine hawana adabu.

Mshangao mwingine: Pendo kamwachia Judith Mjukuu mwezi mzima, akae dukani ajifunze maneno ya mafundi. Sharti ni moja tu, tuchunge ndimi zetu mbele yake.

Judith katoka kwenda sokoni. Mjukuu akaniamkia, nikaitikia. Nikafunga mlango. Nikainama kwenye pembe ileile, safari hii kwa sauti ya chini kabisa, nikamwambia mara kumi kwamba mita ile niliitoa mimi kwa moyo mweupe, Judith alinibebea mfuko tu. Na asimwambie Judith.

Amesema ameelewa.